Hakuna Aliyekusukuma

Skola mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia kabla hujala. Kwa hiyo nina nafasi. Baba yako yuko uani analifunga begi lako kwa kamba ya katani, maana zipu haiamini. Mambo ya begi, ya nauli, ya chakula cha huko Dodoma na ya vijana wa huko chuoni ameshakuambia mpaka umechoka, nami sitayarudia. Nina jambo moja tu, lile uliloniambia juzi tulipokuwa tunakunja nguo.

Ulisema, "Mama, mimi nilimsingizia Masanja." Halafu ukalia mpaka ukashindwa kukunja. Mimi nikabaki nimeshika ncha yangu ya shuka, nikakujibu, "Aa, yamepita hayo." Jibu gani hilo! Mtoto amelibeba jambo tangu ana miaka minane, mama yake anamjibu kama amemwagia mtu maji. Tangu juzi najilaumu. Mdomo wangu mzito kwenye mambo kama haya, unanijua. Kupatana bei ya mpunga nitashinda kutwa nzima, lakini hili nikaona bora niliandike.

Siku ile wewe unaikumbuka vipande vipande, kwa sababu ulikuwa mdogo na sehemu kubwa ya mambo yalitokea ukiwa umelala zahanati. Acha nikusimulie yote.

Shule zilikuwa zimefungwa, ukang'ang'ania kwenda nami Mlimba kufuata mpunga. Baba yako alikataa, ukamlilia, akakubali. Tukanunua magunia yetu, na safari ya kurudi Ifakara tukapanda lori, juu kabisa ya mzigo, kama tulivyokuwa tunafanya wafanyabiashara wote wadogo. Tulikuwa abiria wachache tu huko juu. Wewe ulikaa pembeni, upande wa kulia, kwa sababu ulitaka kuona milima. Karibu yako, naye ameelekea milima, alikaa kijana wa Kisukuma, Masanja, anakwenda Ifakara kutafuta kibarua. Mimi nilikuwa nyuma yake. Upande wa pili alikuwepo Mwalimu Hadija, ambaye wakati ule sikuwa namjua, dada mdogo mdogo tu wa miwani aliyepakata boga kubwa alilopewa na wenyeji wake kama zawadi.

Yule dereva alikuwa na haraka zake. Mvua ilikuwa inajikusanya, naye hakutaka imkute kwenye matope. Magunia yanarukaruka, sisi tunarukaruka. Wewe ulikuwa unacheka. Mimi nilishika kamba kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikaanza Salamu Maria. Tulipokaribia Namawala pana kona kali inayokwenda kushoto, na upande wa kulia ni majaruba ya mpunga. Pale pale nikasikia sauti yako, "Mama!" Nikafumbua macho. Hukuwepo. Nilichokiona ni mkono wa Masanja umenyooshwa hewani, na ndani ya ngumi yake kipande cha gauni lako.

Nilipiga kelele, "Amemsukuma! Amemsukuma mwanangu!"

Sikiliza vizuri, Skola. Mimi ndiye niliyesema kwanza. Wewe ulikuwa bado uko kwenye tope, hujatamka neno. Nilisema hata kabla lori halijasimama.

Tuliposhuka tukakukuta umekaa katikati ya jaruba, umejaa tope mpaka kwenye nywele, mkono mmoja umeukumbatia. Lile tope ndilo lililokuokoa, na mpaka leo nikipita pale nasema asante. Wanawake waliokuwa wanapalilia walishafika, na mmoja akakuuliza, "Mwanangu, imekuwaje?" Ukasema, "Nimesukumwa." Akauliza, "Na nani?" Ukanyamaza. Akakuuliza tena, "Ni yule kaka?" Wewe ukamwangalia Masanja, ukaniangalia mimi ninayelia na kumnyooshea kidole, ukatikisa kichwa kukubali.

Hivyo ndivyo ulivyomsingizia. Mtoto wa miaka minane aliyevunjika mfupa, anaulizwa na watu wazima swali ambalo tayari wamelijibu wenyewe.

Na msimu ule, kama utakumbuka, hali haikuwa nzuri. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga wa watu, wakulima na wafugaji hawasalimiani. Masanja hakuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini alipofungua mdomo kujitetea, lafudhi yake ikamhukumu. Na hapa sitajificha nyuma ya watu wa Namawala, maana hata mimi ile lafudhi ilinirahisishia kuamini. Angekuwa kijana wa Kipogoro, mtoto wa jirani, labda ningeuliza kwanza.

Muuguzi wa zahanati akakupima, akasema umevunjika mtulinga, mfupa huu wa begani, kichwa na tumbo viko salama. Akaufunga mkono wako kwa kitambaa shingoni, akakupa dawa ya maumivu, ukalala. Akaniambia, "Mama, mtoto hana hatari, ila leo hii umfikishe hospitali Ifakara." Usafiri wenyewe ulikuwa lilelile lori, na lori limezuiwa mpaka kesi iishe. Nikakuacha na muuguzi, nikaenda ofisi ya kijiji.

Nikamkuta Masanja amekalishwa chini, mikono imefungwa kwa nyuma. Kuna vijana walishakata fimbo. Mtendaji wa kijiji alikuwa anapiga simu polisi, na wale vijana wanasema polisi wa nini, mtu ameonekana. Kisha mtendaji akaniuliza mbele ya wote, "Mama, ulimwona akimsukuma?"

Nikajibu, "Nimeuona mkono wake."

Yule dada wa miwani akasimama. "Samahani mtendaji. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naomba niseme neno. Huyu mtoto hakusukumwa na mtu."

Watu wakamzomea. Mmoja akasema, "Mtoto mwenyewe amesema kasukumwa!"

"Kweli, na hasemi uongo," Mwalimu Hadija akasema. "Hata mimi nimesikia kusukumwa. Tulikuwa tunakwenda kasi, lori pamoja na sisi. Kitu kinachokwenda hutaka kuendelea kwenda, kunyooka vilevile, mpaka kitu kingine kikizuie au kikipinde. Lori limepinda kushoto kwa sababu magurudumu yake yameshika ardhi. Mimi nilishika chuma, chuma kikanipindisha pamoja na lori. Mtoto hakushika kitu. Yeye alinyooka na safari yake, lori likamkimbia chini. Aliye juu ya lori huona kama ametupwa nje. Lakini hakuna aliyemtupa."

Nilimwona ni mtu anayecheza na maneno huku mwanangu amevunjika. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto karuka kama jiwe, unaniambia hakuna aliyemtupa?"

Akaniangalia kwa upole kabisa. Akamgeukia mtendaji. "Nina boga. Tuliweke pale pale alipokaa mtoto. Watu wote washuke. Dereva apite tena ile kona. Boga likibaki, nami mnifunge."

Mtendaji alikuwa mtu wa busara, na nadhani alikuwa anatafuta njia yoyote ya kuzipoza zile fimbo. Akakubali. Tukaenda wote, kundi zima, na Masanja akiongozwa na mgambo. Boga likawekwa juu ya mzigo. Lori likarudi nyuma, likaja, likapita kona taratibu kama maandamano ya Jumapili ya Matawi. Boga likatikisika kidogo, likatulia.

Watu wakalipuka. "Mmeona! Boga lipo!" Fimbo zikainuliwa. Masanja akafumba macho.

Mwalimu Hadija akamkimbilia dereva. "Ulikuwa unaendesha hivi?"

Dereva hakumtazama usoni. "Hivyohivyo, mwalimu."

Alikuwa anadanganya, na mimi nilijua. Nikatazama abiria wengine; wanaangalia chini, hakuna anayetaka kugombana na dereva atakayempakia tena wiki ijayo. Nikajiambia, nikinyamaza, hakuna atakayenilaumu. Mimi ni mama wa mtoto. Skola, sijui nilisimama pale kwa muda gani, pengine ni pumzi mbili tu, lakini ndizo pumzi ninazoziona ndefu kuliko zote maishani mwangu. Kisha nikasema, "Siyo kweli. Alikuwa anakimbiza. Alikuwa anakimbiza mpaka mimi nilifumba macho."

Mtendaji akanigeukia. "Ulifumba macho?"

"Ndiyo."

"Basi kusukumwa umekuonaje?"

Nikasema ukweli, "Sikukuona. Niliona mkono tu."

Mtendaji akamwambia dereva, "Rudi. Pita kama ulivyopita." Dereva akapanda, uso umemshuka, akarudi mbali zaidi, akaja kwa mwendo uleule niliokuwa nimeufumbia macho. Boga lile, mwanangu! Lori limepinda, boga halikupinda. Lilitoka juu ya magunia likanyooka hewani kama lina safari yake mahali pengine, likatua kwenye jaruba lilelile, hatua chache kutoka pale ulipoacha shimo lako kwenye tope.

Bibi mmoja aliyesimama na jembe akauliza, "Na boga nalo limesukumwa na nani?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Fimbo zikashuka. Mgambo akamfungua Masanja, naye akakaa palepale barabarani. Nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo: "Mtoto yuko hai, mayu?"

Kwao mayu ni mama. Mtu aliyekuwa anakaribia kupigwa kwa sababu yangu ananiita mama.

Nikamwambia, "Yuko hai. Nisamehe." Akasema, "Nilimshika nguo, ikakatika." Hayo tu. Nikakiangalia kile kipande cha gauni, bado kiko mkononi mwake, nikaelewa kwamba ushahidi wote niliokuwa nao ulikuwa ushahidi wa mtu anayejaribu kumwokoa mwanangu. Sikuwa nimeona vibaya, Skola. Mkono niliouona ulikuwepo kweli. Sababu ya ule mkono ndiyo niliyoitunga mwenyewe, na niliitunga haraka mno hata nikadhani nayo nimeiona kwa macho.

Tukafika Ifakara jioni. Hospitali unaikumbuka vizuri kuliko mimi, kwa sababu ndiko ulikopatwa na ugonjwa wako wa maswali. Mwalimu Hadija alikuja kukuona, akakusimulia habari za boga, nawe ukamsimulia kila mgonjwa wodini. Kisha ukamuuliza, "Mwalimu, kama kila kitu kinataka kunyooka, mbona mwezi unazunguka? Mbona hauendi zake?"

Alikaa kitandani kwako kama aliyeulizwa swali na askofu. Akasema, "Mwezi nao unataka kunyooka. Ungeachiwa, ungekwenda zake tusiuone tena. Lakini dunia inauvuta, kama inavyokuvuta wewe ukiruka. Kila unapotaka kunyooka, unavutwa kidogo, unapinda. Unapinda kila wakati, ndiyo maana unazunguka."

"Sasa kama unavutwa, mbona hautuangukii?"

"Unaanguka," akasema. Ukashtuka ukatazama dirishani, naye akacheka. "Unaanguka kila saa, ila haufiki. Tuseme umesimama juu ya ile milima ya Udzungwa, na tuseme hakuna hewa ya kukuzuia. Ukiliachia jiwe, linaanguka miguuni pako. Ukilirusha, linaanguka mbali kidogo. Ukilirusha kwa nguvu zaidi, linavuka bonde lote. Zaidi tena, linafika baharini. Sasa dunia ni mviringo. Ukilirusha kwa kasi kubwa kupita kiasi, jiwe linaanguka, na ardhi nayo inainama chini yake. Linaanguka, ardhi inainama. Halifiki kamwe. Linazunguka dunia na kurudi nyuma ya kisogo chako."

Ukauliza, "Na nani anausukuma usichoke?"

"Hakuna. Kule juu hakuna hewa wala tope la kuupunguza mwendo. Mwendo ulio nao ni wa tangu zamani sana, dunia na mwezi vilipokuwa vinajiumba. Na dunia yetu hivyohivyo inalizunguka jua, pamoja na sayari nyingine zote. Zingekuwa hazina mwendo, zingeangukia ndani ya jua. Zingekuwa hazivutwi, zingepotea gizani. Zina vyote viwili, basi zipo." Akakuambia jina la ule ukaidi wa vitu kuendelea na safari yao, inesha, ukalirudia siku nzima mpaka mgonjwa wa jirani akaomba ahamishwe kitanda.

Masanja naye alikuja, na dumu la maziwa, akasimama mlangoni hajui kama aingie. Wewe ukamwita kwa jina. Nilifurahi, nikadhani yamekwisha. Kumbe kwako ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kukaa.

Na ningeweza kujua. Ulipokuwa kidato cha pili, tunapepeta mchele uani, nikajitia kumweleza shangazi yako habari za mwezi. Nikasema kuna nguvu mbili, moja inauvuta ndani, nyingine inausukuma nje, ndiyo maana umetulia katikati. Wewe ukaweka ungo chini. "Hapana mama. Hakuna inayosukuma nje. Zingekuwa mbili zimelingana, zingefutana, na mwezi ungenyooka. Ni mvutano mmoja tu, na mwendo wake wenyewe. Ukisema kuna mkono unaousukuma nje, tunarudi kwa Masanja." Shangazi yako akacheka. Wewe hukucheka. Uliuchukua ungo wako ukaingia ndani, ukakaa huko mpaka jua likazama. Niliona. Nikajiambia ni mambo ya ukuaji. Nilipaswa kuinuka kukufuata, nami nikaendelea kupepeta.

Sasa wewe unakwenda kusomea ualimu wa fizikia, na kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unajifunza jinsi ulivyokosea. Mwanangu, yarudie uliyoyasoma. Uliulizwa imekuwaje, ukasema umesukumwa. Ndivyo mwili wako ulivyosikia. Mwalimu mwenyewe mwenye fizikia yake alisikia hivyohivyo. Jina la mtu hukulitoa wewe, ulipewa. Nililitoa mimi, na mimi nililirudisha, kwa kuchelewa lakini kabla ya fimbo. Mzigo ule ni wangu, na ninaubeba bila shida kubwa, kwa sababu uliishia vizuri. Uache hapa nyumbani.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini leo asubuhi ulipokuwa sokoni nilimpigia simu Masanja. Yuko kulekule upande wa Mlimba, ana mke na watoto, analima mpunga kama sisi, na siku hizi ng'ombe wa watu ndio wanaoingia shambani kwake. Nikamwambia yale uliyoniambia.

Kisha akasema, "Mayu, mwambie mtoto asilie. Hata mimi siku ile nilisikia kusukumwa. Kwa nyuma, kwa nguvu kabisa. Ningeapa."

Nikamuuliza, "Na nyuma yako alikuwa nani?"

Akacheka kidogo. "Si ulikuwa wewe?"

Skola, nilikaa chini na simu sikioni. Miaka yote hii! Nikamwambia, "Mbona hukusema? Wamekufunga mikono, wanataka kukupiga, na mimi ndiye ninayekusema. Mbona hukusema kwamba mimi ndiye niliyekusukuma?"

Akajibu kama mtu aliyeulizwa kitu chepesi: "Ningesemaje, mayu? Nilisikia tu. Kukuona, sikukuona."

Nililia, halafu nikacheka, halafu baba yako akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, kuna furaha tu. Tangu asubuhi natembea humu ndani mwepesi kama niliyepona homa.

Masanja amesema ukifika umpigie simu, watoto wake wanataka kuongea na mwalimu. Nimemwambia bado hujawa. Amesema yeye anakuhesabu tangu siku ya boga.

Nasikia sauti yako getini. Naikunja barua hii.

Mimi mama yako, niliyefumbua macho.